Sura ya Huyu, Sauti ya Yule

Usiku wa tarehe 5 Aprili 1965, mjini Santa Monica, California, Julie Andrews alikuwa akiwania tuzo ya Oscar kwa filamu ya Mary Poppins. Audrey Hepburn naye alikuwamo ukumbini, lakini hakuwa akiwania chochote. Filamu yake, My Fair Lady, ilipendekezwa kwa tuzo 12 na ikaondoka na 8, ikiwemo ya filamu bora. Yeye steringi wake hakutajwa hata kwenye orodha. Andrews akashinda. Hepburn alipanda jukwaani kumkabidhi tuzo Rex Harrison, mwenzake katika filamu hiyo, na Harrison, mtu mzima anayejua kusoma upepo, akawashukuru mabibi wawili badala ya mmoja.

Ukumbi mzima ulielewa kwa nini wawili.

My Fair Lady ilikuwa tamthilia ya muziki kabla ya kuwa filamu. Alan Jay Lerner na Frederick Loewe waliichukua Pygmalion ya George Bernard Shaw, kisa cha muuza maua wa mitaani London anayefundishwa kuzungumza kama wakubwa, wakaitia nyimbo. Ilifunguliwa Broadway, New York, Machi 1956. Harrison alicheza Profesa Higgins, anayemfundisha. Eliza, yule muuza maua, alichezwa na Andrews, binti wa Kiingereza wa miaka 20. Ilioneshwa mara 2,717, na santuri yake ikauzwa kwa mamilioni. Kwa waliobahatika kuiona, na hata kwa walioisikia tu kwenye gramafoni, Eliza alikuwa Andrews.

Jack Warner wa Warner Bros. aliona vingine. Alikuwa ametoa dola milioni 5.5 kwa haki ya kuitengeneza filamu, na filamu yenyewe ingemgharimu milioni 17 hivi. Mtu aliyetumbukiza fedha kiasi hicho hatafuti sauti nzuri, anatafuta dhamana. Hoja yake, ambayo hakuificha hata baadaye, ilikuwa kwamba katika miji midogo ya Iowa au Alaska, Hepburn anajulikana. Andrews, ambaye hakuwa amecheza filamu hata moja ya Hollywood, hajulikani. Hepburn akalipwa dola milioni 1. Harrison mwenyewe nusura atupwe: Warner alimtaka Cary Grant. Inasimuliwa kwamba Grant alijibu kuwa Harrison asipoicheza, yeye hata kwenda kuitazama hataenda.

Hepburn hakuwa mvivu. Alifanya mazoezi ya sauti, akarekodi nyimbo zake, akaamini kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo ingebaki. Kumbe mtu mwingine alikwisha andaliwa. Alipoambiwa kwamba sauti yake ingeondolewa karibu yote, aliondoka kazini siku hiyo. Kesho yake akarudi na kuomba radhi. Aliyeimba ni Marni Nixon, na jina lake halikuandikwa popote kwenye filamu.

Jambo la kuchekesha ni kwamba Harrison, ambaye nyimbo zake alizisema zaidi ya kuziimba, alikataa katakata kuchezesha midomo juu ya sauti iliyorekodiwa. Mafundi wakamfichia maikrofoni isiyo na waya kwenye tai, akaimba papo hapo mbele ya kamera. Kwa hiyo zipo nyimbo ambamo mwanamume anasikika kama alivyo, na mwanamke aliye pembeni yake anafungua kinywa, sauti inatoka ya mtu asiyeonekana.

Nixon alikuwa amekwisha zoea. Mwaka 1956 aliimba kwa niaba ya Deborah Kerr katika The King and I. Mwaka 1961 ilikuwa zamu ya Natalie Wood katika West Side Story, na Wood naye aliachwa aamini kwamba sauti yake ingetumika. Leonard Bernstein, mtunzi wa muziki wake, ndiye aliyeona aibu: alimkatia Nixon kipande cha mrabaha wake mwenyewe. Studio haikuwa na mpango huo.

Lawama za My Fair Lady zilimwangukia Hepburn, na hapo ndipo mjadala wa nyota kuchukua nafasi za waigizaji wa jukwaani ulipokosea tangu mwanzo. Yeye hakumpokonya mtu kitu. Alieleza baadaye kuwa alikuwa amearifiwa kwamba akikataa, nafasi ingekwenda kwa mwigizaji mwingine wa sinema, si kwa Andrews. Mwenye uamuzi alikuwa mwenye mfuko. Andrews alilijua hilo vizuri: alipopokea tuzo ya Golden Globe mwaka huohuo, alimshukuru Jack Warner kwa kuyawezesha yote hayo. Angempa Eliza, Andrews asingekuwa huru kwenda kwa Walt Disney kucheza Mary Poppins.

Tena Warner huyohuyo, miaka miwili kabla, alikuwa ametoa The Music Man akiwa na Robert Preston, yuleyule wa Broadway, kwa sababu mtunzi Meredith Willson alishikilia. Filamu ikapendwa. Somo hilo halikuingia.

Orodha ya walioachwa ni ndefu. Ethel Merman aliyewika jukwaani na Gypsy alimwona Rosalind Russell akiichukua mwaka 1962. Carol Channing alimshinda Barbra Streisand kwenye tuzo za jukwaa za Tony za 1964 kwa Hello, Dolly!, kisha Streisand akapewa filamu yake, akiwa na umri wa miaka 20 na ushee katika nafasi ya mjane mzoefu wa maisha. Ilitoka 1969 na kuitia hasara studio ya Fox. Angela Lansbury alipata Tony kwa Mame. Filamu ya 1974 akapewa Lucille Ball, kipenzi cha televisheni ambaye kuimba hakukuwa fani yake, na wahakiki hawakumhurumia.

Lakini anayedhani dawa ni kumchukua tu mwigizaji wa jukwaani, amtazame Ben Platt. Alishinda Tony kwa Dear Evan Hansen; filamu ilipotoka 2021 alikuwa anatimiza miaka 28, anacheza mwanafunzi wa sekondari, na kamera, ambayo haikai mbali kama mtazamaji wa ukumbini, ilimuumbua. Nyota naye huweza kustahili: Catherine Zeta-Jones alikwenda na Oscar kwa Chicago ya 2002, na kabla ya sinema alikuwa amepitia jukwaa la London.

Kwa Waafrika, mfano ulio karibu zaidi ni Sarafina! Mtunzi Mbongeni Ngema aliianzisha tamthilia hiyo ya muziki katika ukumbi wa Market Theatre, Johannesburg, mwaka 1987, juu ya wanafunzi wa Soweto na uasi wao wa Juni 1976. Mwaka uliofuata ilikuwa Broadway, na Leleti Khumalo, msichana wa KwaMashu, Durban, aliyecheza Sarafina mwenyewe, alipendekezwa kwa tuzo ya Tony. Mtayarishaji Anant Singh alipotaka filamu, fedha za nje zilihitaji jina. Jina likawa Whoopi Goldberg, aliyekuwa ametoka kushinda Oscar kwa Ghost.

Goldberg hakupewa nafasi ya Sarafina. Khumalo alibaki na nafasi yake na sauti yake, Miriam Makeba akacheza mama yake, na Goldberg akawa mwalimu Mary Masombuka. Hata hivyo hakupokewa kwa vigelegele na wote. Alipofika Afrika Kusini mwaka 1991, vijana wa mrengo wa chama cha Azapo walitishia maandamano wakidai amevunja mgomo wa kitamaduni dhidi ya utawala wa kibaguzi.

Filamu ilitoka 1992. Afrika Mashariki iliangaliwa kwa kanda za video, na wengi walioiona utotoni hutaja kwanza uso wa Khumalo. Huo ndio mgawanyo wa haki zaidi ambao historia hii inaweza kuonesha: nyota alileta fedha bila kumnyang'anya steringi wimbo wake. Ila nafasi ya mwalimu nayo ilikuwa na mwenyewe. Broadway aliicheza Baby Cele, katika mhusika mwenye jina la mzaha, Mistress It's a Pity. Kwenye filamu mhusika huyo aliandikwa upya, akapewa jina jingine na uzito mwingine, ili amfae Goldberg.