Safu ya Lugha: Mchezo
Neno "mchezo", lililozoeleka mno katika kurasa za soka, huwapotosha wanaodhani kuwa "nadharia ya michezo", iliyowekewa msingi na John von Neumann na Oskar Morgenstern katika kitabu chao cha 1944, inahusu viwanja, ilhali katika sayansi ya siasa mchezo ni hali yoyote ambamo matokeo ya uamuzi wa mmoja hutegemea pia uamuzi wa wengine. Bahati nasibu haimo, kwa kuwa tikiti inayochomolewa haimkisii mnunuzi wake. Wala "shindano" si kisawe, maana wachezaji waweza kufaidika wote. William Riker, mwaka 1962, aliitumia nadharia hiyo kueleza miungano ya kisiasa: katika bunge la viti 101, wenye 51 hawana haja ya mshirika wa ziada, ambaye angepunguza tu mafungu ya vyeo.