Tarehe ya Moshi wa Kansas City na Waliourithi kwa Henry Perry

Shina la nyama ya moshi ya Kansas City ni Henry Perry, mtu mweusi wa Shelby County, Tennessee, huko uliko mji wa Memphis. Naliweka hili mwanzo kabisa, kwa sababu siku hizi kila mwenye chupa ya sosi dukani hujiita mwenyewe. Mgeni akifika mjini hutajiwa Bryant, hutajiwa Gates, hutajiwa na kile kituo cha petroli cha upande wa jimbo la Kansas kinachouza nyama. Mzee hatajwi. Na hao wote wanaotajwa, walio wakubwa kati yao ni wanafunzi wake, ama ni wanafunzi wa wanafunzi wake.

Perry alizaliwa katika miaka ya 1870. Upishi aliusomea kwenye majiko ya meli za mvuke zilizokuwa zikipanda na kushuka mito ya Mississippi na Missouri. Mwaka 1907 akashuka Kansas City, akashika kazi ya utumishi katika baa moja ya Quality Hill. Mwaka uliofuata, 1908, akafungua kibanda chake kichochoroni, katika mtaa wa viwanda vya nguo, na hao washona nguo ndio waliokuwa wateja wake wa kwanza. Kuni zake zilikuwa za mwaloni na za hikori. Nyama aliifunga kwa gazeti, senti 25 kwa ubavu mzima. Aliuza ya ng'ombe, na mwenye hamu ya nyama ya mwitu alipata rakuni na oposumu. Sosi yake ilikuwa kali. Waliomjua wamesimulia kuwa aliweka pilipili bila huruma.

Kutoka kichochoroni akahamia kona ya barabara za 17 na Lydia, na kutoka hapo akaenda 19 na Highland, ndani ya banda kuukuu la tramu. Hapo akawa jirani wa 18 na Vine, mtaa wa jazi wa Kansas City. Ulikuwa wakati wa Tom Pendergast, bwana wa siasa za mji, ambapo nchi nzima ilikatazwa pombe na Kansas City ikaendelea kunywa. Muziki ulilia mpaka alfajiri, na watu wakitoka humo walikuwa na njaa. Weusi na weupe walikula kwa Perry, katika mji uliowatenganisha. Alijiita Mfalme wa nyama ya moshi, na hakuna aliyesimama kumpinga. Husimuliwa pia kwamba kila mwaka, siku moja kabla ya sikukuu ya uhuru wa Marekani, aliwagawia wazee na watoto nyama bure.

Lakini Perry asingekuwa Perry bila ng'ombe. Mazizi makubwa ya Kansas City yalifunguliwa mwaka 1871, yakakua hata yakawa ya pili nchini baada ya yale ya Chicago. Treni zilileta ng'ombe kutoka nyanda za magharibi, na nyama laini ilipelekwa mashariki kwa wenye fedha. Kidari kilibaki. Mnyama huegemea kifua chake mchana kutwa, kwa hiyo kidari kimejaa kano na utando mgumu. Ukikichoma juu ya makaa makali kama mshikaki utatafuna mpaka taya ziume. Kiweke mbali na moto, ndani ya moshi, kwa joto la nyuzi 110 hivi za Selsiasi, saa 10 au 12, na ule utando huyeyuka ukawa rojo, nyama ikalainika kwa ndani. Ndiyo elimu aliyokuja nayo Perry. Huko alikotoka walikuwa wakiifanya kwa nguruwe. Yeye aliukuta mji wa ng'ombe.

Majimbo mengine nayo yana mitindo yao ya nyama. Mashariki ya North Carolina hubanika nguruwe mzima na kumrashia siki na pilipili; Lexington, jimbo hilohilo, huchukua bega tu, na siki yao ina nyanya kidogo. South Carolina wana haradali. Memphis wana mbavu. Decatur, Alabama, mwaka 1925 Bob Gibson alianza kutia kuku kwenye sosi nyeupe ya mayonezi na siki. Wa Virginia hudai utangulizi wa wote, na ushahidi wao ni George Washington, aliyeandika katika shajara yake mwaka 1769 kwamba alikwenda Alexandria kwenye karamu ya kubanika nyama akalala hukohuko. Ni kweli aliandika. Nani alikesha kwenye shimo la makaa akigeuza nyama hiyo hakuandika, nasi twajua kazi ile Virginia ilifanywa na nani: na watumwa, babu za akina Perry.

Texas siwezi kuwapita hivihivi, kwa sababu ya kisa cha Lockhart.

Charles Kreuz alifungua bucha lake Lockhart mwaka 1900, na bucha likawa mahali pa kula kidari na soseji kwenye karatasi, bila sosi na bila uma. Mwaka 1948 likanunuliwa na Edgar Schmidt, waliyemwita Smitty. Smitty alipofariki, biashara ilikuwa ya wanawe wa kiume, na jengo likaenda kwa binti yake, Nina. Mwenye akili ataona fitina imeshaandikwa hapo. Ndugu wakashindana juu ya kodi ya pango, na Rick Schmidt, mmoja wa wana hao, akajenga jumba jipya, kubwa, kando ya barabara, si mbali. Lakini moto je? Moto wa Kreuz husemwa haukuzimika miaka na miaka. Basi siku ya kuhama, mwaka 1999, makaa yanayowaka yalitiwa kwenye karai la chuma, yakaburutwa barabarani mchana kweupe, yapata robo maili, mpaka jengo jipya, na mji mzima ukatoka kutazama. Dada akabaki na kuta zenye masizi ya miaka mingi, akaziita Smitty's. Kaka akaondoka na jina na makaa. Watu wa Lockhart walibishana ni nani kati yao aliyerithi. Mimi ningesema dada, maana makaa hupatikana kwa kibiriti, masizi ya miaka mingi hayapatikani. Baadaye walipatana, alhamdulillahi.

Turudi kwa Perry. Alifariki mwaka 1940, akashika jiko Charlie Bryant, aliyekuwa amefanya kazi kwake. Baada ya Charlie akashika nduguye Arthur, mwaka 1946. Arthur alikuwa mtu wa Texas mashariki, msomi wa chuo. Mwaka 1931 alikuja kumtembelea kaka yake tu, akapewa kazi na Perry, safari ikaishia hapo. Yeye ndiye aliyepunguza ukali wa sosi. Mwaka 1958 akahamia Brooklyn Avenue, karibu na kiwanja cha besiboli, akaweka meza za plastiki na kuendelea kusema kwamba pahali pake ni nyumba ya mafuta na masizi, asitake paonekane pazuri zaidi.

Ajabu ya Bryant ilikuwa kaunta. Wakataji wa nyama walipokata kidari, zile ncha zilizoungua nyeusi kwa nje na kubaki na mafuta ndani walizisukuma kando, na watu waliopanga foleni wakaziokota bure wakisubiri. Calvin Trillin, mwandishi aliyezaliwa mjini humu, aliandika mwaka 1972 kwamba mkahawa wa Bryant ndio bora kuliko yote duniani. Aliandika hayo katika jarida la Playboy, ambalo wengi hawakulinunua kwa habari za chakula, lakini habari zilifika. Tangu hapo ncha zile zina bei, tena si ndogo. Arthur alifariki mwaka 1982, na mkahawa ukauzwa nje ya ukoo.

Tawi la pili ni la Gates. Mwaka 1946 George na Arzelia Gates walinunua mkahawa kona ya 19 na Vine, na ndani yake wakamkuta mpishi, Arthur Pinkard. Pinkard alikuwa amefanya kazi na Perry. Hapo ndipo moshi wa mzee ulipoingia kwa Gates. Baada ya wazazi akashika Ollie, mtoto wao, akaeneza matawi mjini. Ukifungua mlango wao, kabla hujaufunga, mtumishi wa kaunta anakupigia kelele akuulize unataka nini.

Daktari Rich Davis, aliyetia sosi tamu kwenye chupa katika miaka ya 1970 ikaenea nchi nzima kwa jina la KC Masterpiece, hakupitia jiko la Perry. Namtaja kwa sababu wengi nje ya mji huu wanadhani utamu ule ndio Kansas City.

Majumbani moshi uliingia kwa urahisi baada ya 1952, alipotokea George Stephen, mfanyakazi wa kiwanda cha Weber Brothers karibu na Chicago. Kiwanda kilitengeneza maboya ya vyuma. Akakata boya katikati, nusu ikawa chungu, nusu ikawa mfuniko. Asiye na jiko lile atumie pipa lililokatwa, mradi lina mfuniko na matundu ya hewa. Makaa yakae upande mmoja, nyama upande mwingine, na chini yake sufuria ya maji. Juu ya makaa weka vipande viwili vitatu vya kuni kavu: mwembe unafaa, mpera pia. Msonobari una utomvu, utatia uchungu. Mbao zenye rangi ni sumu. Moshi uwe mwembamba. Ukiwa mzito na mweupe, moto umekosa hewa.

Kidari kikifika nyuzi 70 kwa ndani, joto litasimama lisipande, pengine saa nyingi. Hapo wengi huongeza makaa kwa papara wakaharibu. Ni maji ya nyama yanayotoka na kuipoza, kama jasho. Subiri, ama ifunge kwa karatasi. Ikifika 95, na kijiti kikapenya bila kusukumwa, itoe, iache ipumzike saa nzima, kisha ikate kwa kukingama nyuzi za nyama. Utaona utepe mwekundu chini ya ngozi nyeusi, na mgeni atasema ni mbichi. Si mbichi, ni kazi ya moshi. Sosi ya mtindo wa Perry ilikuwa ya pilipili. Ukiwa na ile ya daktari, ipake nusu saa ya mwisho tu, maana sukari yake huungua.