Josho na Kinga: Vita Dhidi ya Kupe Nchini Zimbabwe

Baada ya sotoka kuangamiza ng'ombe wa kusini mwa Afrika kuanzia mwaka 1896, walowezi wa Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe, waliagiza mifugo kutoka pwani ya Afrika Mashariki, na shehena zilizoteremshwa Beira mwaka 1901 zikaingiza ndigana kali, ugonjwa unaovimbisha matezi, kupandisha homa na kujaza mapafu maji. Robert Koch aliitwa kuuchunguza mwaka 1903, lakini Charles Lounsbury, mtaalamu wa wadudu wa Koloni ya Cape, ndiye aliyethibitisha mwaka 1904 kwamba unaenezwa na kupe wa kahawia anayeng'ang'ania masikioni.

Ugunduzi huo ulilipa nguvu josho, yaani birika refu lenye dawa ambamo ng'ombe huogeshwa, ambalo kwa miaka mingi lilitiwa arseniki. Sheria ya mwaka 1914 ilifanya uogeshaji kuwa wa lazima, na wafugaji Waafrika wakawa wakiswaga mifugo yao joshoni mara kwa mara, wengi wakinung'unikia ada waliyotozwa, hadi ndigana kali ikatokomezwa mwaka 1954.

Mafanikio hayo, hata hivyo, yalificha hatari. Ndama anayeumwa na kupe mapema huambukizwa ndigana baridi, babesia na maji moyo akiwa katika umri ambao mwili wake huyahimili, akapona na kubaki na kinga. Anayekulia joshoni tangu kuzaliwa hukosa nafasi hiyo, akategemea dawa maisha yake yote.

Vita vya ukombozi vya miaka ya 1970 viliufichua udhaifu huo, kwani wapiganaji waliyaona majosho kuwa mkono wa serikali ya kikoloni, huduma ikasimama, na ng'ombe wapatao milioni 1 wa maeneo ya wafugaji Waafrika wakafa kwa magonjwa ya kupe.

Kutokana na maafa hayo watafiti walianza kutetea uogeshaji wa kiasi, unaoambatana na chanjo na kuthamini ng'ombe wa asili kama Mashona, Nkone na Tuli, ambao huvumilia kupe kuliko wale wa Ulaya. Mpango wa kudhibiti kupe unaostahili kuaminiwa na mfugaji ni ule unaoiacha kinga ndani ya mwili wa ng'ombe wake, ili fedha za serikali zikikauka au amani ikitoweka, zizi lisibaki tupu.