Kutoka Mnara hadi Mnara



Mwaka 1968, katika michezo ya Olimpiki ya Mexico, Mkenya Amos Biwott alitwaa medali ya dhahabu ya mbio za mita 3,000, akivuka dimbwi bila hata kulowesha viatu. Sisi tunaziita mbio hizo za kuruka viunzi na maji, na ni jina la haki, maana ndicho kinachoonekana uwanjani. Jina la Kiingereza halitaji kiunzi wala maji. Linataja mnara wa kanisa.

Mnara huo uliingia mchezoni juu ya mgongo wa farasi. Mwaka 1752 huko Cork, Ireland, mabwana wawili, Cornelius O'Callaghan na Edmund Blake, waliwekeana dau la nani atatangulia kutoka kanisa la Buttevant hadi kanisa la Doneraile, mwendo wa maili nne na nusu hivi. Njia haikupimwa. Kilichoonekana kwa mbali ni mnara, na kila mtu alikata mashamba kwa akili yake, akiruka ua, mitaro na kuta za mawe zilizokuwa mbele yake. Karibu miaka mia moja baadaye, mwaka 1850, wanafunzi wa Oxford waliiga mchezo huo kwa miguu yao wenyewe, na ndiyo asili ya mbio alizoshinda Biwott.

Lakini leo sitaki kuzungumzia riadha. Nataka kumfuata farasi.

Mbio za farasi za kuruka vizuizi zilizaa watoto wawili. Mmoja alikwenda mjini, akajengewa majukwaa, akapata wapandaji wa kulipwa na magazeti ya kumwandika. Huyo ndiye anayeonekana kila mwaka Aintree, Liverpool, katika mbio kubwa ziitwazo Grand National. Wa pili alibaki kijijini. Waingereza wanamwita kwa jina lenye maana ya kutoka nukta moja hadi nyingine, na wapandaji wake ni watu wa ridhaa, kama tunavyosema ndondi za ridhaa na ndondi za kulipwa. Mkulima, daktari wa mifugo, askari, karani, binti wa mwenye shamba: wote hupanda bila mshahara, na mifupa wakivunja ni yao wenyewe.

Mashindano haya yalilelewa na vikundi vya kuwinda mbweha. Kila wilaya ilikuwa na kikundi chake, chenye mbwa wake na mipaka yake. Majira ya baridi wanachama walipanda farasi nyuma ya mbwa, na msimu ulipokaribia kwisha walitaka kujua, baada ya majivuno yote ya miezi ile, farasi wa nani alikuwa hodari zaidi. Wakapanga siku moja ya mbio. Kwa muda mrefu farasi hakuruhusiwa kushindana pasipo cheti cha mkuu wa kikundi, kuthibitisha kwamba kweli alikuwa amekwenda kuwinda. Uzito wa kubeba uliwekwa mkubwa ili mtu mzima mwenye kitambi chake asifungiwe nje.

Sasa hapa pana jambo ambalo wapenzi wa farasi hulipita haraka, nami naomba tusimame kidogo. Wawindaji hawa walipita katika mashamba ya nani? Farasi hamsini wakikatiza shamba la ngano lililolowa mvua, anayepata hasara si yule aliyekaa juu ya tandiko. Mbwa wakitawanya kondoo wenye mimba, hasara ni ya mchungaji. Baadhi ya wakulima walikuwa wawindaji wenyewe, lakini wengi walikuwa wapangaji, na ardhi ilikuwa ya bwana aliyependa kuwinda. Kumkatalia lilikuwa jambo gumu.

Ndipo siku ya mbio ikapewa kazi ya pili. Kikundi kiliwaalika wakulima wote wa eneo lake, kikawakaribisha hemani, kikawalisha chakula cha mchana na bia bila malipo. Palikuwepo hata mbio maalumu kwa ajili ya farasi wa wakulima. Wenyewe waliita shukrani. Mimi naona ilikuwa pia aina ya kodi ya pango, iliyolipwa kwa nyama na bia mara moja kwa mwaka, na mlipaji ndiye aliyepanga kiasi. Hata hivyo sitasema wakulima walidanganywa. Mtu aliyefanya kazi peke yake matopeni tangu Oktoba alikuwa na hamu ya kukutana na wenzake, kuulizana bei ya ng'ombe na kutafutia vijana wake wachumba. Siku ile ilikuwa yao pia.

Njia ya mbio nayo ilibadilika. Watazamaji walichoka kuona farasi wakiondoka na kutokomea, basi mstari ukakunjwa ukawa duara, ukapandwa bendera: nyekundu upande wa kulia, nyeupe upande wa kushoto, na mpandaji apite katikati. Kwa kawaida ni maili tatu, na vizuizi ni vya fito za mti zilizofungwa pamoja. Garthorpe, mashariki ya mji wa Melton Mowbray katika Leicestershire, ni mahali pa namna hiyo. Ni malisho tu, katikati ya nchi ya vikundi maarufu vya Quorn, Belvoir na Cottesmore. Watu huegesha magari nyasini, hufungua buti na kula hapo hapo. Wapokea dau husimama na mbao zao. Upepo hauna adabu.

Msidhani kwamba kwa kuwa ni ridhaa basi ni mzaha. Mwaka 1924 mrithi wa kiti cha ufalme, Prince Edward, alianguka vibaya katika mbio za jeshi huko Arborfield, na wakubwa serikalini wakaingiwa na hofu. Mwaka 1982 mkulima Dick Saunders, mwenye umri wa miaka 48, alikwenda Aintree na farasi Grittar, ambaye mwenyewe, Frank Gilman, naye mkulima, alimzalisha na kumfunza nyumbani. Wakawashinda wote wa kulipwa. Saunders akatangaza siku hiyo hiyo kwamba amestaafu. Kabla yake, mwaka 1977, Charlotte Brew alikuwa mwanamke wa kwanza kushiriki Grand National, naye alitokea katika mbio hizi hizi za vijijini. Farasi wake, Barony Fort, aligoma vizuizi vinne kabla ya mwisho.

Fedha nazo zimepata mlango wa nyuma. Best Mate, aliyetwaa Gold Cup ya Cheltenham mara tatu mfululizo, mwaka 2002, 2003 na 2004, aligunduliwa akiwa kijana katika mbio kama hizi huko Lismore, Ireland. Tangu hapo wafanyabiashara hawabanduki uzioni. Mpandaji ni wa ridhaa. Farasi aliye chini yake huenda akauzwa kwa maelfu kwa maelfu ya pauni.

Mwaka 2001 ugonjwa wa miguu na midomo wa mifugo ulisimamisha karibu msimu mzima. Kisha Bunge likapitisha sheria ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika Februari 2005, kupiga marufuku kuwinda mbweha kwa mbwa katika England na Wales. Wengi walitabiri kwamba mbio zingekufa siku hiyo. Hazikufa. Vikundi viligeukia kufuata harufu iliyotandazwa ardhini kabla, ingawa wapinzani wao walidai kuwa huko ni kuwinda kwa mlango mwingine. Chama cha Labour kiliahidi katika ilani yake ya uchaguzi wa mwaka 2024 kwamba kitaupiga marufuku na mtindo huo.

Cheti cha uwindaji kikikosa uwindaji, ni nani atakayewaita wakulima mezani, na kwa deni lipi? Malisho ya Garthorpe bado yana mwenyewe, na bendera haziwezi kusimikwa humo mpaka akubali.