Bomu Lililolipuliwa Juu ya Mawingu

Wakazi wa Honolulu walikuwa na habari mapema. Magazeti yalikuwa yameshatangaza, na baadhi ya hoteli ziliandaa tafrija juu ya mapaa ili wageni wapate kutazama. Saa tano usiku wa Julai 8, 1962, Marekani ililipua bomu la nyuklia la megatani 1.4 katika kimo cha kilomita 400, juu ya Kisiwa cha Johnston, katikati ya Bahari ya Pasifiki. Jaribio hilo liliitwa Starfish Prime. Honolulu iko umbali wa kilomita 1,400 hivi kutoka hapo, lakini kulipambazuka ghafla, kisha anga likabaki na wekundu kwa dakika kadhaa.

Kishindo hakikusikika, maana huko juu hakuna hewa ya kubeba mlio. Madhara yalipita njia nyingine. Mionzi ya gamma iligonga hewa iliyo chini yake na kuzing'oa elektroni. Elektroni hizo, zikipindwa na nguvu ya sumaku ya dunia, zilizua wimbi kali la umeme, na kila waya mrefu ukalidaka. Kisiwani Oahu taa za barabarani zipatazo 300 zilizimika, kengele za kuzuia wezi zikalia zenyewe, na mawasiliano ya simu na kisiwa cha Kauai yakakatika.

Elektroni nyingine hazikushuka. Zilinaswa na sumaku ya dunia, zikatengeneza ukanda wa mionzi uliodumu kwa miaka. Hili halikuwa jambo la kushtukiza kabisa: mwaka 1958 Marekani ilikuwa imelipua mabomu madogo juu ya Atlantiki ya Kusini, kwa siri, katika operesheni iliyoitwa Argus, ili kuona kama chembe hizo zingenaswa. Zilinaswa. Pamoja na kujua hayo, miaka minne baadaye ikapandisha bomu kubwa mara mamia.

Ukanda huo ulizidhuru setilaiti za Marekani, Transit 4B na TRAAC. Uliidhuru pia Ariel 1, setilaiti ya kwanza ya Uingereza, iliyokuwa angani tangu Aprili mwaka huohuo. Telstar, iliyorusha picha za televisheni kuvuka Atlantiki, ilipaa Julai 10, ikaingia moja kwa moja katika mionzi hiyo. Kufikia Februari 1963 ilikuwa imenyamaza. Uingereza haikuwa adui wa Marekani hata kidogo, lakini chombo chake hakikusalimika.

Wasovieti walifanya jambo ambalo kwangu ni zito zaidi, kwa sababu chini ya bomu lao waliishi watu. Oktoba 22, 1962, siku ileile Rais Kennedy alipowatangazia Wamarekani kuhusu makombora ya Kisovieti huko Cuba, walilipua kilotani 300 juu ya Kazakhstan, kilomita 290 kutoka ardhini. Laini ya simu yenye urefu wa kilomita 570 iliharibika. Hata waya wa umeme uliofukiwa chini ya udongo haukupona. Dunia ilikuja kupata undani wa habari hizo miaka ya 1990.

Makatazo yalikuja Agosti 5, 1963, mjini Moscow, Marekani, Uingereza na Umoja wa Kisovieti zilipotia saini mkataba wa kupiga marufuku majaribio hewani, majini na katika anga za juu. Kilichowasukuma zaidi ni hofu ya vumbi la mionzi lililokuwa likiingia hadi kwenye maziwa ya watoto. Uganda na Tanganyika, nchi changa zisizo na setilaiti hata moja, nazo zilijiunga. Oktoba mwaka huohuo Marekani ilirusha setilaiti za Vela kuchunguza kama kuna anayekiuka.

Tangu hapo hakuna bomu la nyuklia lililolipuliwa katika anga za juu. Mwaka 1967 mkataba mwingine ukakataza kuweka silaha za nyuklia katika mzunguko wa dunia. Lakini Aprili 2024, Marekani na Japani zilipolitaka Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lithibitishe upya katazo hilo, wajumbe 13 waliunga mkono, China haikupiga kura upande wowote, na Urusi ikalizuia azimio kwa kura ya turufu.