Waungwana wa Kasongo na Kabambare

Msafara wa kutafuta pembe za ndovu kutoka Bagamoyo ulipita Tabora na Ujiji, ukavuka Ziwa Tanganyika hadi Mtoa, ndipo ukapanda kuelekea Kabambare. Hapo palikuwa mlango wa Maniema, mashariki ya Kongo. David Livingstone alifika mwaka 1869, na baadaye vidonda vya miguu vikamzuia hapo miezi mingi. Mbele ya Kabambare kulikuwa na Kasongo, kisha Nyangwe na soko lake ukingoni mwa mto Lualaba.

Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara kutoka Unguja, aliweka makao Kasongo karibu na mwaka 1875. Kabla ya hapo alikuwa amekwisha kutawala Utetela kwa hila moja: alimwambia mtawala mzee, Kasongo Rushie, kwamba bibi yake yeye alikuwa dada wa mzee huyo, aliyetekwa zamani. Mzee akampokea kama damu yake, akamwachia kiti. Tippu Tip ameyasimulia haya mwenyewe, kwa Kiswahili, katika kitabu cha maisha yake.

Pembe za ndovu za Maniema ziliuzwa Unguja. Nyingine zilifika Connecticut, Marekani, zikachongwa vibao vya piano na machanuo. Huko huko Marekani ndiko ilikoanzia nguo ya merikani iliyolipia pembe hizo, na shanga zilitoka Venice. Wapagazi na watumwa wa Maniema ndio waliobeba mzigo huo, na vijiji vyao ndivyo vilivyochomwa. Tarehe 15 Julai 1871, watu wa wafanyabiashara waliwafyatulia risasi wanawake waliokuja sokoni Nyangwe. Mamia walikufa, wengi kwa kuzama mtoni.

Hata leo utasikia Kasongo ikiitwa mji wa Waarabu. Naona jina hilo linawadhulumu waliouinua. Waarabu walikuwa wachache mno. Wengi walikuwa vijana wa Maniema, waliotekwa au kuzaliwa kambini, wakavaa kanzu, wakashika bunduki na swala, wakajiita waungwana. Waliolisha mji walikuwa wanawake, wengi wao mateka, na majina yao hayakuandikwa.

Jasho lao lilionekana tarehe 22 Aprili 1893, askari wa Francis Dhanis, ofisa wa Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, walipoiteka Kasongo. Wenyeji walikimbia ghafla hata wakaacha kila kitu. Daktari Hinde, aliyekuwa na jeshi hilo, ameeleza maghala ya mchele, mahindi na kahawa, na bustani za machungwa, mapera na makomamanga. Askari wa kawaida walilala juu ya magodoro ya hariri. Wakagawana mishumaa, sukari, viberiti na bilauri za fedha. Sefu, mwana wa Tippu Tip, aliuawa mwaka huo huo, na Kabambare ikaanguka Januari 1894. Tippu Tip mwenyewe alikuwa Unguja tangu kuondoka Kongo, akafia huko 1905.

Mji ukahamishwa, pa kale pakabaki Tongoni. Mapadre Weupe, wamisionari Wakatoliki, wakaja 1903, shule zikawa mikononi mwa misheni, na Uislamu ukatazamwa kwa shaka. Lakini wakoloni wa Kibelgiji walihitaji Kiswahili cha waungwana ili waamuru, wahukumu na kukusanya kodi, nacho kikaenda na vibarua hadi migodi ya Katanga. Kasongo imebaki ngome ya Waislamu wa Kongo, na mpunga bado unalimwa Maniema, kama ulivyolimwa enzi za waungwana.