Kisukari, Lehemu na Moyo: Funzo Tulilolisahau la Mulago

Mwaka 1956, daktari Hugh Trowell, aliyekuwa Afrika Mashariki tangu 1929, alichapisha pamoja na mwenzake taarifa ya Mwafrika mmoja aliyeugua kwa kuziba kwa mishipa ya moyo. Mmoja tu! Ugonjwa huo ulikuwa adimu kiasi cha mgonjwa mmoja kustahili makala nzima.

Mwaka 1959, Shaper na Jones walilinganisha lehemu katika damu za Waafrika na Waasia wa Uganda. Ya Waafrika ilikuwa chini. Ya Waasia, ambao maradhi ya moyo yalikwisha kuwazoea, ilikuwa juu. Msomaji mwenye pupa angehitimisha kwamba damu ya Mwafrika ni kinga. Lakini watafiti hao waliitazama pia sahani ya chakula, na hapo ndipo palipokuwa na jibu.

Historia imethibitisha hivyo. Utafiti wa vijijini Tanzania uliochapishwa mwaka 1989 ulikuta kisukari kwa chini ya asilimia 1 ya watu wazima. Ule wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban asilimia 9. Umri na mbinu za upimaji vilitofautiana, lakini mwelekeo hauna utata. Nasaba haibadiliki kwa kizazi kimoja, maisha hubadilika.

Kisukari nacho hakiji peke yake. Insulini inaposhindwa kazi, ini humwaga mafuta zaidi katika damu, lehemu nzuri hupungua, na ile mbaya hupenya kuta za mishipa zilizokwisha kujeruhiwa na sukari. Utafiti wa Framingham, Marekani, ulioanza mwaka 1948, ulionesha kwamba mwenye kisukari yumo katika hatari kubwa zaidi ya maradhi ya moyo.

Marehemu baba yangu alihudhuria kliniki ya kisukari kwa miaka 11. Kila mwezi alipimwa sukari; lehemu hakupimwa hata mara moja. Sukari yake ilikuwa nzuri siku moyo wake uliposimama.

Ndugu zangu mnaopanga bajeti, na ninyi wanafunzi mtakaozirithi ofisi hizo, sikuandika haya kumlaumu muuguzi aliyefuata mwongozo aliopewa. Nauliza tu: kwa nini mwili mmoja tumeugawa katika mafaili matatu, ilhali maradhi yenyewe hayajui mipaka hiyo?